Sikuumwa Mgongo: Shukrani Zangu kwa Sista Rukia

Asalamu alaykum, ndugu zangu wanawake wote mliomo katika kundi hili, mlio Ibra, mlio Sur, mlio Nizwa na mlio Unguja. Asifiwe Mola wetu kwa kila pumzi anayotupa! Najua mkiona jina langu mnadhani zimefika kanga mpya. Hazijafika. Leo siuzi kitu. Leo nataka kushuhudia alivyonitendea Mungu, na nataka kufuta uongo niliowaambia nyote kwa zaidi ya mwaka mzima. Someni mpaka mwisho. Na ninyi wazee mnaosomewa na wajukuu, waambieni wasome polepole, maana Kiswahili chao kinajikwaa.

Kwa asiyenijua, mimi ni Zuwena, mama yake Asila. Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimelelewa na kuolewa hapa Ibra, Omani. Nina meza katika soko la wanawake la kila Jumatano, nauza kanga, vitambaa na udi. Mnaonijua mnajua kwamba mdomo wangu haujui likizo. Mteja anunue asinunue, kwangu ataondoka amecheka, au amekasirika, lakini hataondoka kimya.

Basi huyo Zuwena alinyamaza.

Mama yangu alipofariki nilimlilia kama mtu anavyomlilia mamaye. Nikakaa matanga, nikapokea watu, nikarudi sokoni. Watu wakasema Zuwena amesimama, na kweli nilikuwa nimesimama. Mwaka ukapita. Halafu, ndugu zangu, bila ya sababu yoyote ambayo ningeweza kumwonesha mtu, kitu kikazimika ndani yangu. Chakula kikawa kama unga mkavu mdomoni. Nikawa naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Nilisali, ndiyo, lakini niliinama na kuinuka kama mtu anayekunja nguo za wenziwe. Jumatano ya kwanza sikwenda sokoni, ya pili sikwenda, baadaye sikujua tena Jumatano ni siku gani.

Nitasema na lile ninaloona haya kulisema. Nilikuwa namwomba Mungu anichukue. Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, kimya kimya, ili mume wangu asisikie. Sikumwambia mtu. Ole wangu kama angenijibu!

Mume wangu Said, Baba Asila, ni mtu mpole. Watu walipoanza kuuliza, akasema: "Mgongo. Mgongo unamsumbua." Akaniangalia, nami sikumkanusha. Mgongo una heshima yake, jamani! Ukisema mgongo, watu wanakuombea dua na kukuletea mafuta. Ukisema moyo umezimika, wanaanza kuuliza nani kamroga, au imani yake imepungua wapi, au kwao wako wangapi kama yeye. Bi Nasra wa Sur, mama yake Khalid, mume wa binti yangu, aliniletea chupa tatu za mafuta ya kukandia mgongo. Nilijipaka zote tatu, mgongo mzima kabisa, kwa haya tu.

Nilisomewa Qur'ani, na nasomewa mpaka leo, na raha yake naijua. Sheikh mwenyewe ndiye aliyemwambia Baba Asila: "Mpeleke na kwa daktari. Nani kakwambia uchague moja?" Tukaenda. Nikapewa vidonge, nikameza miezi. Nikabadilishiwa, nikameza vingine. Waarabu ugonjwa huu wanauita iktiabu, na kwa Kiswahili nimeambiwa unaitwa sonona. Kulijua jina lake hakukunisaidia kutoka kitandani.

Katika hali hiyo Asila akapata mimba, mimba yake ya kwanza.

Nyote mnajua ada yetu. Mtoto wa kike akizaa mara ya kwanza, arubaini anakaa kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda, ndiye anayempikia uji, ndiye anayempokea mtoto ili mzazi alale. Bi Nasra akapiga simu kutoka Sur, kwa wema wote, akasema: "Zuwena, wewe na mgongo wako pumzika. Asila atakaa kwangu, mimi nitamlea." Na mimi, ndugu zangu, nilifurahi. Nilihisi mzigo umenitoka! Kisha nikajiuliza, mama gani huyu anayefurahi kunyang'anywa arubaini ya mwanawe wa pekee? Nilijichukia siku hiyo kuliko siku zote.

Asila aliposikia, akaja kutoka Sur. Akavua baibui, akapanda kitandani, akalala ubavuni kwangu.

"Mama, mimi nakuja kwako, khalas. Wewe ukilala, mimi nalala na wewe, na mtoto tunamweka katikati. Kitanda yako kubwa."

"Kitanda chako," nikamwambia. "Kitanda ni chako." Hata katika kiza kile sikuweza kuiachia ile ipite.

Akacheka huku analia. Na mimi kuanzia siku hiyo nikawa na hesabu moja tu kichwani: imebaki miezi sita. Ama niwe nimesimama kwa miguu yangu, ama mwanangu aje alale na mtoto mchanga pembeni ya mgonjwa, kwa sababu kwenda kwingine amekataa. Namjua, ni mbishi kama mimi.

Kliniki tuliyokwenda iko Nizwa. Jina lake sitalitaja. Daktari alisoma faili langu lote, akasema iko dawa nyingine, inaitwa ketamini, ni katika zile dawa za nusukaputi wanazopewa watu wakipasuliwa. Kwa kiasi kidogo, kwa dripu ya polepole, huwasaidia baadhi ya watu ambao vidonge vimewashinda. Akaniambia wazi kwamba kwa muda wa saa moja hivi akili yangu itatoka mahali pake pa kila siku, nitaona na kuhisi mambo, kisha itarudi.

Akili itoke? Mimi, mke wa mtu, mbele za watu? Nikamuuliza kama si katika vile vitu vya haramu. Akasema wako wanaoichezea huko nje na inawaharibu, ndiyo maana wao wanaifungia kabatini, wanaipima kwa tone, na mgonjwa haachwi peke yake hata nukta moja. Alisema vizuri, Mungu amlipe. Lakini daktari alikuwa na dakika kumi. Aliyebaki na mimi ni muuguzi wake.

"Shikamoo, Mama. Mimi Rukia. Usiogope, tutaenda stepu kwa stepu, sawa?"

Marahaba nikaitikia, na moyoni nikasema: ah, wa bara! Wazee wake walitoka Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimechanganyika na Kiingereza cha chuo cha uuguzi. Sisi wa Unguja tuna ugonjwa wetu wa kudhani lugha hii tumeachiwa urithi peke yetu. Nilimsahihisha maneno matatu kabla hajamaliza kunipima presha. Alicheka, akayarudia yote matatu vizuri, akaandika presha yangu.

Mara mbili nilikwenda kwa Rukia bila kupewa dawa yoyote. Nilidhani ni kupoteza petroli. Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Hakuniuliza nani kakufanya nini. Aliniuliza: "Mama, ukiogopa, huwa unafanya nini?" Tangu nizaliwe sijapata kuulizwa swali kama hilo. Nikamwambia huwa nasema sana. Akaandika. Akaniuliza naogopa nini katika chumba kile. Nikamwambia naogopa mtandio utatoka kichwani na mimi sijui. Wengine wangecheka. Yeye aliandika na hilo, akasema mtandio wangu ataubana yeye mwenyewe na atauangalia yeye mwenyewe. Nikauliza, na nikitoa siri? Akasema siri nitakazozitoa pale zitabaki pale pale.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Ukiwa ndani ya dawa hutaweza kuamua vizuri, ndiyo maana nakuuliza leo una akili zako zote. Ukiogopa, nikushike mkono ao nisikushike?"

"Useme au, si ao. Na usinishike. Mimi mtu mzima."

Akaandika: asishikwe. Nilimuona akiandika.

Akanipa na masharti. Siku ya dawa nisile kitu tangu usiku, na tukirudi gari aendeshe Baba Asila. Masharti mepesi, si ndiyo? Subirini.

Njia ya kutoka Ibra kwenda Nizwa inapita Birkat al Mauz, na Birkat al Mauz anakaa Shangazi Ghaniya, shangazi yake mume wangu, nyumba yake imetazamana na barabara, nyuma yake shamba la migomba. Gari la Baba Asila halijui kupita hapo bila kusimama. Na Baba Asila, Mungu amhifadhi na wema wake, alikuwa amekwisha kumpigia simu shangazi yake kwamba tunapita! Tukamkuta mlangoni. Sinia tayari, tende, halwa, ndizi za shambani, birika la kahawa. Niambieni ninyi, ningekataa vipi? Ukikataa kahawa ya Shangazi Ghaniya lazima utoe sababu, na sababu yangu mimi ilikuwa siri. Nikala tende tatu. Nikanywa vikombe vitatu. Halwa nikachota kidogo, kwa ajili ya macho yake.

Garini Baba Asila akauliza kama nitamwambia sista. Nikamwambia nimwambie nini, tende na kahawa ni chakula? Chakula ni wali. Na ninyi msinicheke, maana hakuna hata mmoja wenu anayehesabu tende na kahawa kuwa amekula.

Rukia akaniuliza kama nimeingiza kitu mdomoni. Nikasema sijala. Akainama kunifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akasita.

"Mama," akasema taratibu, "unanukia iliki."

Hakunipa dawa siku hiyo. Akanieleza kwamba dawa ile huweza kumtapisha mtu, na mtu akitapika akili iko mbali huweza kupaliwa na kufa. Nilipaswa kushukuru. Badala yake aibu yangu ikageuka hasira, nikamwambia maneno mabaya. Nilimwita mtoto wa bara asiyejua adabu za watu. Akanisindikiza mpaka garini, akanifungia mlango. Njia nzima nikasema sirudi tena, na niliposema hivyo tayari nilikuwa najua maana yake ni nini kwa mwanangu.

Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mama Asila, sikukupigia kukusuta. Nimefikiria sana habari ya shangazi."

Nikajiinua, nikakaa kitako.

"Jumatatu watu wanafunga sunna. Mtu amefunga, nani atamlazimisha tende? Nimekuhamisha, sasa utakuja Jumatatu. Lakini nia uweke kweli, usimdanganye mama wa watu. Nikishakutia dripu ndiyo utakuwa umefungua. Ni sunna, Mama, haina lawama."

Huyu binti niliyemtukana alikuwa amekaa na kazi zake zote akaumiza kichwa, si kwa habari ya ugonjwa wangu tu, bali kwa habari ya namna ya kumpita Shangazi Ghaniya! Nilimpenda tangu dakika ile. Siwezi kusema vinginevyo, nilimpenda kama mwanangu.

Jumatatu ikafika. Shangazi Ghaniya kusikia nimefunga alifurahi kama amepewa yeye thawabu, akatufungia mfuko wa tende na ndizi tukafuturu nyumbani. Nizwa nikaingia chumbani. Pazia limeshushwa, taa ndogo, kitanda, mashine ya kuhesabu mapigo. Baba Asila akakaa nje. Rukia akanibana mtandio kwa pini mbili, akanionesha kwa kioo kwamba umekaa sawa. Kisha sindano, kisha dripu.

Mwanzo nilihisi vizuri, mwili ukawa mwepesi. Halafu kitanda kikapoteza kingo zake. Sikujua naishia wapi na shuka linaanzia wapi. Sauti zikawa mbali. Nikatafuta miguu yangu, haipo. Nikatafuta mikono, haipo. Nikasema moyoni: Zuwena, umekufa. Umeomba, umepewa.

Na hapo, ndugu zangu, nikaogopa woga ambao sijapata kuuona! Mimi niliyemwomba Mungu kila alfajiri anichukue, nilipodhani amenichukua, nikataka kurudi! Nikaitaka nyumba yangu, nikamtaka Baba Asila, nikayataka hata makelele ya soko. Nikataka kumpokea mtoto wa Asila kwa mikono yangu. Ndipo nilipojua kwamba nataka kuishi. Nilikuwa sijui. Wallahi nilikuwa sijui.

Nikataka kusema, kama ninavyosema kila nikiogopa, na maneno hayakuja. Nikasikia sauti: "Mama Asila, uko Nizwa. Ni asubuhi. Mimi Rukia. Niko hapa." Ikanyamaza. Ikarudia tena, vile vile, bila haraka. Nikafumbua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya shuka, kiganja wazi, karibu kabisa na wangu. Haukunigusa. Nilikuwa nimemwambia asinishike, na yeye hakunishika. Lakini aliuweka pale ambapo mimi ningeuona.

Nikaukamata. Nikaukamata kwa nguvu zangu zote, nao ukanirudishia mikono yangu, maana nilipomshika ndipo nilipohisi vidole vyangu. Nikamlilia mama yangu kilio ambacho matangani hakikunitoka. Rukia hakuniambia nyamaza. Hakuniambia shukuru Mungu, wenzio wamefiwa na zaidi. Alikaa, mkono mmoja kwangu, mwingine anaandika presha yangu kila baada ya dakika kadhaa, mpaka dripu ikaisha.

Nilipotulia nikamtaka anifasirie nilichokiona. Akakataa. Akaniuliza tu nimerudi na nini, nami nikamwambia nimerudi na njaa. Akanipa maji kwanza.

Msidhani nilitoka pale nimepona. Siku mbili sikuona tofauti. Siku ya tatu Baba Asila alikuwa anapanga kanga zangu, anazikunja ovyo, pindo ndani. Nikamwambia: "Wewe, nani kakufundisha kukunja hivyo, ng'ombe?" Yule mzee akaniangalia, macho yakamjaa machozi. Kwa mwaka mzima sikuwa nimemgombeza! Nilipomhadithia Rukia alicheka mpaka akajifuta macho, akaliandika kwenye faili, eti dalili njema.

Nilirudi Jumatatu nyingine tano. Kati yake iko wiki nilianguka tena, nikakataa hata kuoga, nikamwambia Rukia kwenye simu kwamba imeshindikana. Hakubishana nami. Aliniomba nikae barazani dakika kumi tu, kisha nimpigie. Nikakaa, nikampigia. Kesho yake tena. Wiki nzima tulikwenda hivyo, dakika kumi kumi. Dawa ilinifungulia mlango, sikatai, lakini aliyenifundisha kutembea tena ni Rukia na simu yake.

Nikarudi sokoni. Kila mmoja: "Zuwena, mgongo vipi?" Namwambia alhamdulillahi. Huku Shangazi Ghaniya ameeneza habari kote kwamba mke wa Said siku hizi ni mcha Mungu, haachi kufunga Jumatatu. Jamani! Wako waliokuja mezani kwangu kuniomba dua! Nilikuwa nauza kanga huku natoa jasho la haya.

Asila akajifungua salama mtoto wa kike, wakampa jina la mama yangu. Siku alipoletwa Ibra nilisimama mlangoni kwa miguu yangu miwili, nikampokea mtoto. Nilimkanda mwanangu kwa maji ya moto. Nilimpikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Nilichoka, lakini ule uchovu wa kawaida, unalala ukiamka umekwisha. Mungu wangu, utamu wa kuchoka vile!

Siku ya arubaini nyumba ikajaa wanawake. Bi Nasra akaja kutoka Sur na masufuria yake, maana kesho yake Asila na mtoto walikuwa wanarudi kwake. Baada ya kula akasimama, akanisifu mbele ya watu. Akasema huyu Zuwena mgongo ulimlaza mwaka, lakini alifunga kila Jumatatu, akamwelekea Mola, Mola akamponya, na wasichana waige kwake. Vigelegele vikapigwa.

Sikuweza, ndugu zangu. Asila alinikonyeza nikae kimya. Lakini nilitazama jinsi wasichana wetu wanavyonitazama, nikajiuliza, kama katika hawa yuko mmoja mwenye giza kama langu, atafikiri nini? Atafikiri hafungi vya kutosha.

Nikasema: "Bi Nasra, kaa kitako. Mimi sikuumwa mgongo."

Nikasema yote. Vidonge, ketamini, tende, yote. Bi Nasra alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akatoka. Asila akainamisha kichwa juu ya mtoto. Nami nikajua nimefanya nini. Mwanamke yule kesho anamchukua mwanangu na mjukuu wangu, na leo nimemwambia mwenyewe kwamba kwetu kuna ugonjwa wa akili.

Nikamfuata. Nikamkuta jikoni amesimama mbele ya mabirika, amenipa mgongo.

"Nilipomzaa Khalid," akasema, "miezi minne sikumtazama usoni. Nilimnyonyesha nimegeukia ukuta. Marehemu mume wangu akawaambia watu ni tumbo. Mpaka leo, Zuwena, watu wa Sur wanajua niliumwa tumbo."

Nikamsogelea.

"Na halijapata kuniacha moja kwa moja. Huja, likaondoka, likaja. Nikidhani ni adhabu yangu kwa kutompenda mwanangu." Akageuka. Uso wote umelowa. "Huyo sista wako, anapokea na vikongwe?"

Nilimkumbatia palepale, tukaangusha birika.

Haya yote nayaandika kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alisema: "Andika, na jina langu utie. Nimechoka kuficha." Niliendesha gari mwenyewe mpaka Sur kumchukua, nikampeleka Nizwa. Ketamini hakupewa, presha yake hairuhusu, na daktari anasema dawa ile si ya kila mtu. Amepewa vidonge vyake, na kila wiki ana saa yake na Rukia. Siku ile ya kwanza aliingia chumbani nami nikakaa nje, na mara hii mtu wa kungojea nilikuwa mimi. Alipotoka akaanza kusema. Alisema kutoka Nizwa mpaka Ibra, kutoka Ibra mpaka Al Kamil, nilipotia petroli akateremsha kioo akaendelea kunisemesha dirishani, na alisema mpaka mlangoni kwake Sur. Miaka ya maneno! Na mimi, mnavyonijua, njia nzima sikumkata hata mara moja.

Rukia, najua utasomewa haya. Mungu akupe watoto wenye mikono kama yako. Wewe na wauguzi wenzako mnaokaa na watu pale ambapo sisi ndugu hatujui kukaa, Mola awalipe, sisi hatuwezi. Na Kiswahili chako ni kizuri. Nimesema.

Na wewe dada unayesoma peke yako na umeelewa kila neno, usingoje kama nilivyongoja mimi. Mtegemee Mungu, naye Mungu amewaweka watu wake wengine kliniki. Jumatano nipo sokoni mpaka adhuhuri. Pita nyuma ya meza, kaa kitako kwenye kile kigoda, usiseme kitu. Nitafunga vitambaa vyangu, mteja awepo asiwepo, nitakupeleka.

Jana Asila amenipigia simu kutoka Sur, akamwekea mtoto simu mdomoni. Amecheka! Mjukuu wangu amecheka kwa sauti, mara yake ya kwanza. Ndugu zangu, nilikuwepo. Alhamdulillahi, nilikuwepo.